Kupima Wimbi kwa Pishi

Mama aliponiuliza mara ya kwanza nasomea nini huku Ulaya, nilimjibu kwa kifupi: napima mawimbi. Simu ikanyamaza kidogo, halafu akasema, "Unayapima kwa pishi au kwa kibaba?" Akacheka yeye kwanza, nami nikacheka. Nilipokata simu swali lake likabaki. Ukiliondolea mzaha, ndilo swali ninalolipwa kulijibu. Mchele unakaa ndani ya pishi, unausawazisha kwa kiganja, umemaliza. Maji ya wimbi linalovunjika hayakai popote. Ukiyagusa ili uyapime, umeshayabadilisha.

Nimekulia Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Kwetu mwamba uko mbali na ufuo, na mawimbi ya bahari kuu huvunjikia huko nje. Mchana unaona mstari mweupe tu, usiku unasikia mngurumo wake mpaka usingizi ukuchukue. Ndani ya mwamba maji yametulia, akina mama wanafunga mwani wao bila wasiwasi. Kwa hiyo utoto wangu wote nimeona mawimbi yakivunjika, lakini kwa mbali. Sasa nakaa nayo sentimita 30, kioo kikiwa katikati yetu.

Chombo chenyewe tunakiita mfereji. Ni sanduku refu lenye kuta za kioo: urefu mita 25, upana sentimita 60, na maji yanajazwa mpaka nusu mita. Piga hesabu utapata lita 7,500, pungufu kidogo ya boza la maji la Dar. Upande mmoja kuna bamba linalosukumwa na mota, mbele nyuma, mbele nyuma. Upande wa pili tumejenga mteremko kama ufuo. Bamba likisukuma, wimbi linaondoka, linapanda mteremko, linavunjika. Kimo chake ni sentimita 15. Wageni wakija huwa naona uso unawaanguka. Walitarajia bahari, wameletewa beseni.

Mifereji mikubwa ipo. Ule wa Deltares, Delft nchini Uholanzi, una urefu wa mita 300 na kina cha mita 9.5, unatengeneza wimbi ambalo likikukuta umesimama ndani huna la kusimulia. Lakini udogo nao una hesabu yake, aliyotuachia Mwingereza William Froude, yule aliyejenga tangi la kujaribia mifano ya meli Torquay mwaka 1872. Ukipunguza urefu wa vitu mara 25, muda unapungua mara 5, kwa sababu muda unafuata kipeuo cha pili cha urefu. Basi wimbi langu la sentimita 15, linalokuja kila baada ya sekunde 2, linasimama badala ya wimbi la mita 3.75 linalokuja kila baada ya sekunde 10. Kanuni hii inashika vizuri mpaka povu litokee. Hapo inaanza kudanganya, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, wimbi linavunjikaje? Watu wengi hudhani wimbi ni maji yanayosafiri kuja ufuoni. Mvuvi yeyote atakwambia sivyo. Tazama chelezo: kinapanda, kinashuka, kinazunguka kiduchu, kinabaki pale pale. Kinachosafiri ni umbo. Likifika kwenye maji machache, umbo linapunguza mwendo. Kwenye kina cha sentimita 20 linakwenda takriban mita 1.4 kwa sekunde, na kadiri kina kinavyopungua ndivyo linavyozidi kuchelewa. Maji ya kichwani hayajui habari hizo, nayo yanazidi kuongeza kasi. Ikifika wakati maji ya kichwani yanakwenda mbio kuliko wimbi lililoyabeba, yanatoka mbele, yanakosa pa kukanyaga, yanaanguka. Yakianguka kwa kujikunja, yanatoa ulimi wa maji mbele kama jani la mgomba linalokunjuka, na ulimi huo unaweza kukimbia kama mara moja na nusu ya kasi ya wimbi lenyewe. Yakianguka kidogo kidogo kutoka kileleni, povu linateremka usoni pa wimbi bila kishindo. Aina hizi mbili ziweke akilini.

Sasa kazi ni kujua kila tone lilikuwa linaelekea wapi na kwa kasi gani. Maji hayana alama. Maji safi ndani ya kioo safi hayaonekani kama yanakwenda au yamesimama. Basi tunayatia vumbi.

Vumbi letu ni vidonge vya kioo vilivyo wazi ndani, kipenyo chake kama sehemu 10 za elfu ya milimita. Ukiwa umeshika mfuko wake mkononi unadhani ni unga wa ngano. Uzito wake umekaribiana na wa maji, kwa hiyo hauzami haraka wala haukimbilii juu. Unakwenda yaendako maji. Kisha tunazima taa zote, tunavuta mapazia meusi, tunavaa miwani (leza hii haina utani na jicho), na tunapitisha mwanga wa kijani uliotandazwa ukawa mwembamba kama kanga iliyoanikwa wima ndani ya maji. Vumbi lililo kwenye kanga hiyo linawaka. Lililo nje yake linabaki gizani. Leza inamulika mara mbili, kamera inapiga picha mbili, na umbali uliotembea vumbi kati ya picha ya kwanza na ya pili, ukiugawa kwa muda, ndiyo kasi.

Kompyuta haifuatilii chembe moja moja. Chembe zote zinafanana, utazichanganya. Inakata picha vijisanduku vidogo, na ndani ya kila kijisanduku inatazama jinsi chembe zilivyojipanga. Ni kama unavyoitambua Kilimia mbinguni: hakuna anayeijua nyota mojamoja, unalijua lile kundi. Ukiinua macho baadaye ukalikuta limesogea magharibi, huna shaka kwamba ndilo lile lile.

Haya, muda kati ya mimuliko miwili uwe kiasi gani? Hapa ndipo nilipojifunza kwamba kipimo ni mapatano. Picha yangu inaonyesha upana wa sentimita 40, na kamera ina pikseli (nukta za picha) 2,048 kwa upana huo, yaani kila pikseli ni kama milimita 0.2. Kijisanduku kina pikseli 32 na desturi ni kuacha kundi lisogee robo yake, pikseli 8, lisije likatoka nje likapotea. Maji ya kichwani yanakwenda mita 2 kwa sekunde. Kwa hiyo muda unakuwa sehemu 0.8 ya elfu ya sekunde. Vizuri. Lakini chini, karibu na sakafu, kuna maji yanayorudi baharini polepole, sentimita 5 kwa sekunde. Kwa muda huo huo yamesogea pikseli 0.2 tu, na kosa la kawaida la kipimo hiki ni kama pikseli 0.1. Nusu ya jibu ni kosa! Ukirefusha muda ili uyapate ya chini, ya juu yameshakimbia. Hakuna muda mmoja unaowatosha wote. Mimi nilipiga kila jambo mara mbili, mara moja kwa ajili ya juu, mara moja kwa ajili ya chini, na usiniulize ilichukua wiki ngapi.

Wiki mojawapo niliiharibu mwenyewe. Ule unga wa kioo ukiumimina mkavu kwenye maji unaelea madonge, kama unga wa uji uliotiwa na mtu mwenye haraka. Dawa yake ni kuukoroga kwanza kwenye ndoo na tone la sabuni ya kuoshea vyombo. Niliambiwa tone. Mimi nikaona madonge hayajaisha, nikaongeza, nikaongeza tena, mkono wa mtu aliyezoea sufuria la pilau. Nikamimina ndoo, nikaliendesha bamba, wimbi likaja likavunjika vizuri kabisa, na povu likabaki. Likakaa juu ya maji dakika nzima, jeupe, zito, limetulia kama la dobi. Fundi wa maabara, mtu mzima asiyependa maneno mengi, akaja akasimama. Akachovya kidole, akanusa. Sabuni ilikuwa na harufu ya ndimu. Hakusema kitu. Akaenda kufungua bomba la kutolea maji, na lita 7,500 zikashuka kwenye mtaro huku mimi nimeshika ndoo.

Kujaza upya ni nusu siku, na maji ya bomba yakija yamebeba hewa. Asubuhi unakuta kioo kimejaa viputo kama soda. Lazima yalale. Usiku ule nilikaa nikasoma kwa nini tone moja lina nguvu hivyo. Maji yana ngozi. Uso wake unajivuta kwa ndani, ndiyo maana tone huwa la mviringo. Viputo viwili vya hewa vikikutana kwenye maji matupu, kiwambo kati yao hupasuka, vinakuwa kimoja kikubwa, kinapanda, kinakufa. Sabuni inakilinda kile kiwambo. Viputo vinagusana na kila kimoja kinabaki na lake.

Chumvi nayo inafanya kitu cha jamaa hiyo, kwa njia yake. Ndiyo sababu povu la bahari ni la viputo vidogo vidogo na linadumu kuliko povu la maji ya mtoni. Na hapo ndipo kanuni ya Froude inapodanganya. Wimbi nimelipunguza mara 25, lakini viputo havikupungua nami. Grant Deane na Dale Stokes, watafiti wa California, walionyesha mwaka 2002 kwamba ndani ya wimbi linalovunjika kuna mpaka kwenye ukubwa wa kama milimita moja: viputo vikubwa kuliko hapo vinararuliwa na msukosuko, vidogo vinaokolewa na ile ngozi ya maji. Milimita hiyo haijali kama wimbi ni la mwamba wa Jambiani au la kwenye sanduku langu. Kwa hiyo nikikuambia kasi ya maji ya kwangu, nakupa uizidishe mara 5 na wala sioni haya. Nikikuambia habari za povu, nashusha sauti.

Tatizo kubwa zaidi la povu, hata hivyo, ni kwamba linapofusha. Mpaka sekunde ile ulimi unapogusa maji, picha zangu ni nzuri mtu anaweza kuzitundika ukutani: mishale midogo inapanda na wimbi, inakusanyika kileleni, inalala mbele. Ulimi ukigusa tu, hewa inaingia. Kila kiputo ni kioo cha mviringo. Leza inapiga viputo, mwanga unatawanyika kila upande, picha inageuka nyeupe pe, na nyeupe ile haina mshale hata mmoja. Yaani jambo nililovuka bara kuja kulipima linaanza pale pale chombo changu kinapofumba macho.

Zipo hila. Unaweza kutumia chembe zilizotiwa rangi ya rodamini, ambayo inameza kijani na kutoa rangi ya chungwa, kisha ukaweka kichujio mbele ya lenzi kinachokataa kijani. Kwa hiyo viputo vinang'aa kijani, kamera haivioni. Chembe zinang'aa chungwa, kamera inaziona. Inasaidia hewa ikiwa chache. Hewa ikizidi, mwanga hauingii wala hautoki, rangi iwe yoyote.

Kabla ya kamera hizi watu walitumia leza kwa namna nyingine, kupima nukta moja tu: miale miwili inakutana mahali padogo kuliko punje ya mtama, chembe ikipita pale mwanga unameremeta, na kadiri inavyokimbia ndivyo mmeremeto unavyokuwa wa haraka. Nukta moja, kisha unahamisha, nukta nyingine, kisha unahamisha. Povu likija, ishara inakatika. Na bado kwa njia hiyo ya subira Francis Ting na James Kirby walipata, katika miaka ya 1990 kule Marekani, jambo ambalo mimi kama mtu wa pwani sijaacha kulifikiria. Walikuwa na mfereji wa mita 40 na mteremko wa 1 kwa 35, maji sentimita 40. Wakatengeneza mawimbi ya aina zile mbili, kimo chake karibu sawa: moja la sentimita 12.5 kila sekunde 2, linalomwaga povu polepole. Jingine la sentimita 12.8 kila sekunde 5, linalojikunja na kuanguka. Ukisimama mbali ukatazama kimo, utasema ni yale yale. Walipofuata msukosuko ulio chini ya povu, wakakuta katika lile la kumwaga unachukuliwa kuelekea baharini, na katika lile la kujikunja unachukuliwa kuelekea nchi kavu.

Msukosuko ndio unaoinua mchanga. Mchanga ulioinuliwa unakwenda unakochukuliwa. Mawimbi mafupi ya karibu karibu, ya siku za upepo mkali, yanaubeba nje. Mawimbi marefu ya taratibu, yaliyotoka mbali, yanaurudisha. Si jibu lote la kwa nini fukwe huliwa, maana kuna mikondo ya pembeni, kuna kuta tulizojenga wenyewe, kuna mchanga uliochotwa mitoni. Lakini kila kusi ninayokuwa nyumbani hutazama ufuo uliochongwa ukawa na kingo, kisha kaskazi ukajaa tena, na sioni tena "bahari kali" na "bahari pole" peke yake. Naona sekunde 2 na sekunde 5.

Dawa ya upofu ilikuja mwaka 2005, kutoka kwa Yonguk Ryu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, na nikiisoma mara ya kwanza nilitaka kujipiga kofi kwa jinsi ilivyo nyepesi. Unakoroga vumbi kwenye maji ili upate kitu cha kufuata, halafu viputo vinakuja vinakuharibia vumbi. Vifuate viputo basi. Zima leza. Weka taa nyuma ya mfereji, mbele yake karatasi inayopitisha mwanga lakini haionyeshi, na upande huu kamera ya kasi. Viputo vinatupa vivuli. Kompyuta ile ile, vijisanduku vile vile, Kilimia ile ile, ila sasa kundi linalofuatwa ni mabaka ya povu. Lenzi unaifungua mpaka mwisho, ili ipate ukali kwenye unene mdogo tu wa maji. Povu lililo mbele na nyuma ya hapo linakuwa ukungu, halihesabiwi sana.

Ina walakini wake. Unachopima ni mwendo wa kiputo, na kiputo kina hamu yake ya kupanda. Cha milimita 2 kwenye maji yaliyotulia hupanda kama sentimita 25 kwa sekunde. Ndani ya ulimi unaokimbia mita 2 hilo halionekani. Wimbi likishapita, maji yakianza kupoa, linaonekana sana, na mishale yote inaanza kuelekea juu kama waumini waliosikia "amin". Nilimwonyesha mwenzangu mmoja kwa furaha, nikidhani nimegundua mkondo.

Na kuna kungoja. Wimbi kabla ya kuvunjika ni mtiifu: lirudie mara mia, picha zinalaliana. Likishavunjika, kila moja linakufa kifo chake. Huwezi kupima moja ukasema umejua. Ninarudia mara 50 kwa kila hali, ninachukua wastani, na kile kinachobaki baada ya kutoa wastani ndiyo msukosuko. Kila mara mfereji unabaki ukiyumba, maji yakienda na kurudi ncha hadi ncha kwa kama sekunde 23, muyumbo ambao kwa jicho huuoni ila vipimo vinauona. Tumekubaliana dakika 12. Mara 50 ni saa 10. Kazi yangu hasa, ukiniuliza ukweli, ni kukaa gizani nikitazama maji yanatulia.

Katika dakika hizo ndipo humpigia mama. Juzi nilimwambia, "Mama, subiri, nikusikilizishe wimbi langu." Nikaweka simu kwenye kioo, karibu na pale linapovunjika, nikaliachia. Likaja, likajikunja, likaanguka. Nikarudisha simu sikioni.

"Umesikia?"

"Nimesikia kitu. Kama mtu amemwaga maji ya ndoo." Akanyamaza kidogo. "Mbona halingurumi?"

Nikaanza kumweleza. Sauti ya wimbi ni sauti ya viputo. Mwanasayansi Marcel Minnaert alifanya hesabu yake mwaka 1933: kiputo kikizaliwa kinatetemeka kama kengele, na kadiri kilivyo kikubwa ndivyo sauti yake ilivyo nzito; chenye nusu-kipenyo cha milimita moja kinalia mara 3,000 na kitu kwa sekunde, sauti nyembamba ya kitu kidogo. Ule mngurumo wa kwetu ni wingu zima la viputo, lenye upana wa mita na mita, linalotetemeka pamoja kama mwili mmoja. Wimbi la sentimita 15 haliwezi kuzaa wingu la namna hiyo. Linazaa kiganja cha povu, na kiganja cha povu hakingurumi.

"Sasa hilo la kwetu utalipima lini?" akauliza.

Nikatazama saa. Zilikuwa zimebaki dakika 9 maji yatulie, na nilikuwa kwenye wimbi la 31.